Barua kwa mpwa wangu aliyeko Melbourne, kuhusu askari wa 1915

Mpwa wangu mpendwa,

Nimeisoma barua yako kuhusu alfajiri ya tarehe 25 Aprili, siku ya kuwakumbuka askari wa Australia, uliposimama gizani pamoja na umati wa watu mkisikiliza tarumbeta, na nimefurahi kwamba ulikwenda. Neno moja tu limenikaa moyoni: umeandika kwamba wale waliotua Gallipoli, pwani ya Uturuki, mwaka 1915 walikuwa mashujaa wa kuzaliwa. Naamini kuwaita hivyo kunawavua kile walichokuwa nacho hasa, yaani kazi zao, wazazi wao na ukaidi wao.

Wengi wao walikuwa watu wa kuuza nguvu zao: wakata manyoya ya kondoo, wachimba migodi, makarani, vibarua wa mashambani. Katika Vita Kuu ya Kwanza yote walijiandikisha Waaustralia zaidi ya 416,000, katika nchi ambayo watu wake hawakufika milioni 5, na askari wa kawaida alilipwa shilingi 6 kwa siku wakati mwenzake wa Uingereza alianza na shilingi 1. Usiipite haraka hesabu hiyo. Mwaka 1907 jaji wa mahakama ya kazi ya Australia alikuwa ameamua kwamba kibarua asiye na ujuzi anastahili shilingi 7 kwa siku ili aitunze familia yake kwa heshima. Kwa hiyo kijana aliyekosa kazi kwa sababu ya ukame wa 1914 aliuona jeshini ujira unaokaribia huo, tena akiwa amevishwa na kulishwa. Mapenzi ya nchi yalikuwapo, na hamu ya kuiona dunia pia, lakini ujira nao ulikuwapo.

Ndiyo maana, kwa maoni yangu, walibaki wafanyakazi hata ndani ya sare. Septemba 1918 zaidi ya askari 100 wa Batalioni ya 1 ya Australia, waliokwisha kuahidiwa mapumziko, walikataa kurudi mstari wa mbele walipoamriwa kufanya shambulio jingine. Waligoma kama ambavyo wangegoma mgodini. Mahakama za kijeshi ziliwahukumu kifo askari wa Australia zaidi ya 100, wengi kwa utoro, lakini hakuna hata mmoja wao aliyepigwa risasi, kwa sababu sheria ya ulinzi ya 1903 ilitaka hukumu hiyo ithibitishwe na Gavana Mkuu, mwakilishi wa mfalme nchini Australia. Na serikali ilipoitisha kura ya maoni mwaka 1916 ili iwapeleke vijana vitani kwa lazima, wananchi walikataa, wakakataa tena 1917. Katika ile kura ya kwanza, askari wapatao 59,000 waliokuwa jeshini walisema hapana. Mimi huwaheshimu sana hao kwa kutotaka mwingine aburutwe hadi pale walipokuwa wamefika kwa hiari yao.

Askari wenye asili ya wenyeji wa bara lile walikuwa na lao. Sheria iliwazuia, baadhi wakaingia hivyo hivyo, wakalipwa sawa na wenzao kwa muda wote wa vita. Waliporudi, serikali ikigawa mashamba kwa waliopigana, karibu wote walinyimwa.

Sasa fikiria nyumbani. Habari ya kifo haikuletwa na tarishi wa posta, ililetwa na mchungaji au padri wa dhehebu la marehemu, hata ikawa kiongozi wa dini akionekana mtaani siku ya kazi, kina mama wanasimama madirishani kuangalia atabisha hodi kwa nani. Zaidi ya 60,000 walikufa, na karibu miili yote haikurudishwa. Familia iliruhusiwa kuandika maneno yasiyozidi herufi 66 kwenye jiwe la kaburi ambalo huenda isingeliona kamwe, na ilitakiwa kuyalipia peni tatu na nusu kwa kila herufi. Mama akae mezani na penseli, ahesabu herufi, afute neno moja ili mengine yapate nafasi.

Majalada ya askari hao yamo kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Australia, nawe unaweza kuyasoma bila malipo. Nikipita hapa Kariakoo, mahali palipopata jina lake kutokana na wapagazi wa vita hivyo hivyo, naona uchungu kwamba wengi wa wapagazi wetu hawakuachiwa jalada la namna hiyo. Basi chagua jina lolote kwenye mnara wa mji mdogo ulio karibu nawe, ulitafute jalada lake, usome barua za wazazi wanaoulizia saa na picha za mtoto wao, kisha uniandikie ulichokikuta.

Mjomba wako,
Dar es Salaam