Barua ya Wazi kwa Waziri wa Utamaduni wa Peru: Áspero Ilindwe Sawa na Caral

Mheshimiwa Waziri,

Ninakuandikia kuhusu Áspero, makazi ya kale ya wavuvi karibu na mdomo wa mto Supe, ambayo kwa miaka mingi yaligeuzwa jalala la mji jirani, ilhali chini ya takataka hizo zilikuwamo kumbukumbu za watu walioishi takriban miaka 5,000 iliyopita.

Caral, mji mkubwa wa kale ulioko ndani ya bonde hilo hilo la Supe, umekwisha kupata heshima yake: tangu mwaka 2009 umo katika Orodha ya Urithi wa Dunia, na unastahili. Lakini Caral haueleweki bila wavuvi. Wakulima wa bara walilima pamba, watu wa pwani wakaisuka nyavu na kuzielesha kwa vibuyu, na samaki wadogo jamii ya dagaa wakapandishwa bondeni kwa wingi, hata mifupa yao ikakutwa Caral kwenyewe. Chakula hicho kiliwalisha wajenzi wa piramidi katika zama ambazo hawakuwa hata na vyungu vya udongo.

Wanaakiolojia Gordon Willey na John Corbett walichimba Áspero mwaka 1941 wakadhani vilima vyake ni vya asili. Miaka ya 1970 ndipo ilipobainika kuwa ni majengo yaliyojengwa kwa mikono ya watu. Mwaka 2016 likatangazwa kaburi la mwanamke aliyezikwa na vibanio vinne vya mfupa vilivyonakshiwa, pamoja na kidani cha kombe la Spondylus, ambalo asili yake ni maji ya joto ya kaskazini ya mbali. Kumbe kijiji cha wavuvi kilikuwa na wanawake wenye hadhi, na mkono wake wa biashara ulifika mbali.

Mwaka 2020, nchi ilipojifungia kwa sababu ya korona, wavamizi waliingia katika ardhi ya Caral na kuharibu makaburi, na Ruth Shady, mwanaakiolojia aliyeongoza uchimbaji wa Caral, akatishiwa maisha. Ikiwa Caral wenye jina uliguswa hivyo, Áspero je?

Kwa hiyo naomba mipaka ya Áspero na ya makazi madogo yote ya bonde la Supe iwekewe alama zinazoonekana, walinzi waajiriwe kutoka vijiji vya hapo hapo, na sheria imtofautishe mkulima maskini na mlanguzi wa viwanja, ambaye ndiye wa kufikishwa mahakamani kwanza.

Wako mwaminifu,
Mwalimu wa historia, Morogoro, Tanzania