Mashindano ya picha yasiwe ya kuhesabu laiki

Mhariri, pole na kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niongelee haya mashindano ya picha maana siku hizi yamekuwa mengi mpaka yanachanganya. Ukishika simu asubuhi unakuta kampuni inasema tuma picha ya machweo ujishindie simu, halmashauri inataka picha za vivutio vyake, duka la vifaa linatoa stendi ya kamera, na karibu yote masharti ni yale yale, fuata akaunti yetu, tagi marafiki watatu, picha yenye laiki nyingi ndo mshindi. Vijana wetu wa kamera wanaingia, wanapigwa chini na mtu mwenye ukoo mkubwa na magrupu mengi ya WhatsApp, alafu wanatoka wakisema mashindano ni kupoteza bando tu, bora ukapige harusi ulipwe chako.

Mimi harusi napiga na ndo zinanilisha, sizidharau. Ila mashindano nayatetea, yale ya majaji lakini, sio haya ya laiki.

Kwenye harusi hakuna anayekwambia ukweli kuhusu picha yako. Bibi harusi akijiona kapendeza basi picha ni nzuri, mama mkwe akijikuta kakatwa kichwa basi ni mbaya, darasa limeisha hapo. Mtu anaweza kukaa miaka kumi anapiga send-off na kipaimara, kamera anabadilisha, lenzi ananunua, taa anaongeza, na jicho likabaki pale pale lilipokuwa siku ya kwanza. Shindano la majaji linakutoa hapo kwa sababu picha yako inakwenda mbele ya mtu asiyekujua, asiyemjua uliyempiga, na wewe haupo pembeni kumwelezea kwamba unajua hapa nilikuwa namaanisha hivi na hivi.

Na wala simaanishi kushinda. Wengi hatushindi na hatutashinda. Faida kubwa naiona kabla hujatuma, kwenye kuchuja.

Huku Mwanza tuna kikundi chetu kidogo, tunakutana kwenye studio ya mwenzetu kila mtu na laptopu yake au na simu tu. Kuna kijana alileta picha za Mwaloni, lile soko la samaki na dagaa pale Kirumba, kapiga asubuhi mafaili kibao na shindano lilikuwa linataka picha moja. Yeye moja yake alishaichagua, mama anamwaga dagaa kwenye turubai, uso unaonekana vizuri kabisa, mwanga umemkalia shavuni, sote tukasema hii kali. Kuna mzee tunaye, fundi wa enzi za filamu, akavaa miwani akaangalia akauliza, "Mwanangu, hapa unataka nitazame wapi?" Kijana akajibu, "Mzee, si huyo mama, usoni." Mzee akasema, "Mie nimeona ndoo." Na kweli, kwenye kona ya chini kulikuwa na ndoo ya njano inawaka kuliko kitu chochote mule ndani, ukishaiona huwezi tena kuacha kuiona. Ikabidi turudi nyuma kwenye mafaili moja moja, tukakuta nyingine ambayo alikuwa ameshaiwekea alama ya kufuta, mama kasogea hatua moja, tenga lake limeificha ile ndoo, uso umejificha nusu lakini dagaa wako hewani wanamwagika na mkono umekaza hadi mishipa inaonekana. Hapo kukawa na ubishi, wengine uso kwanza, wengine hapana mkono, chai ikapoa, watu wakaanza kutaja picha za watu wengine kabisa. Mwisho akatuma ya tenga. Hakupata kitu, hata barua pepe ya asante hakupata. Ila siku hizi nikiwa naye ukumbini namwona anasogeza kiti cha plastiki na kuondoa chupa ya soda mezani kabla hajabonyeza, na hilo hakufundishwa na bibi harusi.

Shindano la laiki halikupeleki huko kabisa, kwa sababu hakuna mtu utakayemwogopa. Unaweka machweo, unaweka twiga, unaongeza rangi mpaka anga linakuwa la chungwa kama Fanta, watu wanabonyeza wakiwa kwenye daladala. Picha bora ya mwaka 2020 ya World Press Photo, shindano kubwa la dunia la picha za habari, aliipiga Yasuyoshi Chiba, Mjapani wa shirika la habari la AFP ambaye kituo chake kilikuwa Nairobi. Ni kijana wa Khartoum, Juni 2019, umeme umekatika, yuko katikati ya wenzake anaghani shairi la maandamano, na mwanga uliopo ni wa simu wanazommulikia. Hebu iweke hiyo kwenye haya mashindano yetu ya kutagi marafiki watatu uone kama itafika hata kumi bora.

Kitu kingine ambacho majaji wanakulazimisha ni maelezo ya picha, yani nani, wapi, lini, anafanya nini. Sisi tunaandika "maisha" tunaweka na moyo, tumemaliza. Hilohilo World Press Photo, ambalo lilianza 1955 kule Uholanzi na kuingia ni bure, mwaka 2015 lilimvua ushindi Mtaliano mmoja aliyepeleka mfululizo wa picha kuhusu mji wa Charleroi nchini Ubelgiji, kumbe moja kati ya hizo ilipigwa Brussels. Mahali tu, basi. Na mwaka huohuo karibu asilimia 20 ya picha zilizofika raundi ya kabla ya mwisho zilitolewa kwa sababu ya editingi, mtu kafuta kitu pembeni, mwingine kaweka giza mpaka kitu kimepotea. Kwa picha za habari hiyo hairuhusiwi, na wanakudai faili ghafi kama lilivyotoka kwenye kamera walinganishe.

Hapo kwenye faili ghafi vijana wetu wengi wanaangukia. Kapiga picha nzuri, kamtumia rafiki kwa WhatsApp kama picha ya kawaida sio kama dokumenti, alafu kafuta memori kadi ili apate nafasi ya harusi ya Jumamosi. Kilichobaki ni kapicha kalikobanwa, taarifa za kamera zote zimeondoka, huwezi kukapeleka popote. Wakati huu wa akili mnemba ndo mbaya zaidi, maana faili ghafi ndo ushahidi wako kwamba ulikuwepo. Mwaka 2023 Mjerumani Boris Eldagsen alipewa tuzo ya kipengele kimoja cha Sony World Photography Awards kwa picha iliyotengenezwa kwa akili mnemba, akaikataa mwenyewe, akasema alitaka kuona kama mashindano yamejiandaa na hizi picha. Sasa kama wakubwa wale walitikisika, haya yetu ya laiki nani atamwuliza mshindi faili ghafi? Hakuna.

Kuhusu masharti nitasema kwa kifupi japo linaniuma. Someni yale maandishi madogo. Kukupa mwandaaji ruhusa ya kuionyesha picha iliyoshinda, na jina lako likiwepo, hiyo ni kawaida na haina shida. Ila kuna wanaoandika kwamba picha zote zilizotumwa, sio zilizoshinda, zote, zinakuwa mali yao watumie watakavyo. Mtu anatoa simu moja anaondoka na picha za mkoa mzima, mwakani unaiona yako kwenye kalenda na jina halipo. Nchi hii ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki toka 1999 na picha imo, ila ukishakubali masharti kwa kubonyeza tu unakuwa umejifunga mwenyewe.

Nisionekane nalalamika tu, mazuri yapo na sio ya mbali yote. Kuna tuzo za picha za wanyamapori zenye jina la hayati Rais Benjamin Mkapa, zinazoandaliwa na African Wildlife Foundation pamoja na jarida la Nature's Best Photography, picha zake zimeshawahi kuonyeshwa Makumbusho ya Nairobi. Kampala wana Uganda Press Photo Award toka 2012 na wale wamenifurahisha kwa kuwa hawaishii kugawa zawadi, wanawakalisha wapiga picha na wenye uzoefu wanapitia kazi zao. Hizo za Sony nazo kuingia ni bure. Kwa hiyo kijana wa Nyamagana au wa Ujiji asiseme hana pa kupeleka, simu yenye kamera nzuri wengi wanayo, cha kukosa ni mtu wa kumwambia kuna ndoo.

Ombi langu kwa waandaaji wa hapa nyumbani, halmashauri, kampuni, vyuo, wote. Chukueni hata majaji watatu tu mtaje majina yao, laiki kama mnazipenda zipeni zawadi yake pembeni. Na zile picha zilizofika mwisho zikakosa, ziandikieni sentensi mbili tatu kila moja, kwa nini imekosa. Haigharimu kitu zaidi ya jioni moja ya watu watatu, na mtu aliyeambiwa kwa nini atarudi mwakani na picha nyingine.

Na wewe Mhariri usikae pembeni. Mna dawati la picha, mna watu wamepiga mpira, mafuriko na kampeni miaka yote. Toeni mada moja kwa mwezi, kwa mfano stendi, au maji, au kazi za usiku, wasomaji watume picha moja moja, nyie chagueni moja muichape Jumapili, na chini yake mpiga picha wenu aandike aya moja kwa nini ni hiyo na sio ile iliyoifuatia, ikiwezekana muichape na ile ya pili ndogo pembeni ili tubishane vizuri. Zawadi sio lazima. Mwezi wa kwanza mkianza na masoko, sisi wa Mwaloni tuko tayari.

Mpiga picha wa mtaani,
Mwanza