Redio za boti ziwani ziwe wazi, si za siri

Mhariri,

Majuzi kwenye mkutano wa wavuvi hapa Dunga, ufuoni mwa Ziwa Victoria, muuzaji mmoja alitandaza mezani redio za mkononi akazisifu kuwa ni za kijeshi: mazungumzo yake yamefumbwa, hakuna mwizi wa nyavu atakayeyadukua. Alipigiwa makofi. Mimi nilikuwa mtu wa mawasiliano katika Jeshi la Wanamaji, Mtongwe, hadi nikastaafu, na naomba nafasi nieleze kwa nini sikupiga.

Redio ya siri hufaa pale tu ambapo pande zote zimetiwa ufunguo mmoja, yaani namba ya siri ya kufumba na kufumbua maneno. Ufunguo huo hubadilishwa kwa ratiba, na asiye nao haambulii neno, ni kelele tu kama za omena wakikaangwa. Melini tulikuwa na mtu wa kazi hiyo, kabati la chuma na daftari la kutia sahihi. Kifaa kimoja kikipotea, kilihesabiwa kimetekwa, na vingine vyote vikatiwa ufunguo mpya. Nani atafanya hayo Usenge, Mbita na Remba? Tena maneno yakifumbwa, mawimbi bado humfichulia mwenye chombo cha kutafuta mwelekeo mahali ulipo. Ndiyo maana meli ya kivita ikitaka kujificha hainong'oni, hunyamaza kabisa.

Muuzaji hakusema kwamba meli hiyo hiyo, pamoja na mitambo yake yote ya siri, hubeba pia redio ya kawaida ya VHF (masafa ya juu sana) yenye chaneli namba 16 ya kuomba msaada, megahezi 156.8, inayojulikana na mabaharia dunia nzima. Mtu anayezama ana siri gani? Boti ikipinduka usiku, simu ya mkononi humpigia mtu mmoja, naye pengine amelala. Mwito wa chaneli 16 huingia kwa wakati mmoja katika kila redio iliyo karibu inayosikiliza chaneli hiyo, ya rafiki na ya usiyeelewana naye.

Halafu umbali. Wimbi la VHF huenda moja kwa moja, na mviringo wa dunia hulikatiza. Boti mbili zenye antena mita 2 juu ya maji zitasikilizana kilomita 11 au 12 hivi, hata redio ziwe za bei gani. Simamisha antena ya mita 30 ufuoni, na boti hiyo hiyo yenye redio ya wati 5 itasikika karibu kilomita 28. Pesa ziende kwenye mlingoti!

Redio yenyewe iwe ya kustahimili maji, mita 1 kwa nusu saa, na iwe inaelea. Ifungwe kwenye jaketi la kujiokolea, isitupwe chini pamoja na vyakula. (Kama jaketi halipo, tuanze kununua hilo.)

Kabla viongozi wetu wa ufuo hawajatia sahihi, watuambie nani atakaa kwenye redio saa nane za usiku, wakati boti za omena ziko nje, na atalipwa na nani. Mtongwe zamu ya redio haikuachwa tupu hata sikukuu ya Jamhuri. Hapa tunahitaji angalau watu wawili wa kupokezana, na boti moja yenye mafuta.

Mwanamaji mstaafu,
Dunga, Kisumu