Fungueni taa za breki kabla ya kumlaumu aliye nyuma

Kwa Mhariri,

Kuna hukumu inayotolewa kila siku katika barabara za Nairobi pasipo hakimu wala ushahidi: "Umemgonga kwa nyuma, makosa ni yako, lipa." Hutolewa na makanga, na wenye bodaboda wanaokusanyika pale ajali inapotokea, na mara nyingi na afisa wa trafiki ambaye bado hajalizunguka hata gari moja. Mimi ni fundi wa umeme wa magari hapa Grogan, eneo la gereji kando ya Kirinyaga Road. Magari yaliyogongana huletwa kwetu, nami ndiye ninayefungua taa zilizovunjika. Ninachokikuta humo kimenifanya niichukie hukumu hiyo.

Msimu wa mvua ndefu, mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mteja wangu wa siku nyingi, aligonga lori dogo kwa nyuma usiku kwenye Outer Ring, upande wa Donholm. Hakuumia mtu. Walibishana kidogo, watu wakajaa, akaambiwa kwamba aliyekuwa nyuma ni yeye, kwa hiyo hana la kusema. Akaandika kwenye karatasi kuwa amekubali kosa na atagharamia matengenezo, akatia sahihi. Kesho yake lori likaletwa kwangu nibadilishe taa, maana bili ilikuwa ya mwalimu na fundi alikuwa wa kuchaguliwa na yeye.

Taa ya kushoto ilikuwa imekufa zamani. Kishikio cha balbu kilikuwa kimeliwa na kutu, na kioo cha balbu kimekuwa cheusi kwa ndani. Ya kulia ndiyo iliyonisimulia yote. Balbu nyingi za nyuma zina nyaya mbili ndani: wa wati 5 huwaka ukiwasha taa za usiku, na wa wati 21 huwaka ukikanyaga breki. Waya ukiwaka hupata joto linalozidi nyuzi 2,000 za selisiasi, na kwa joto hilo huwa laini. Gari likigongwa kwa kishindo wakati huo, waya huvutika na kupinda ovyo, na ukishapoa hubaki hivyo hivyo. Waya uliokuwa umezima hauvutiki. Ama hubaki na mizunguko yake sawasawa, ama hukatika kavu.

Katika balbu ile, waya wa taa za usiku ulikuwa umevutika na kulalia upande mmoja. Waya wa breki ulikuwa na mizunguko yake yote, haujaguswa. Na dereva wa lori mwenyewe alikuwa amesema mbele ya watu kwamba alikanyaga breki ghafla kumkwepa mtu wa bodaboda. Alikanyaga, naam, lakini aliyekuwa nyuma yake hakuonyeshwa. Nikazifuata nyaya hadi juu ya pedali, nikakuta swichi ya breki imeungua ndani, tena si ya kuungua jana.

Mwalimu alilipa. Karatasi ilikuwa na sahihi yake, na mwenye lori aliishikilia hiyo hiyo. Alilipia taa, bampa na kazi ya bodi, ndipo akaanza kutafuta pesa za kutengeneza gari lake mwenyewe, ambalo radieta ilipasuka. Nilipomwonyesha balbu ile aliigeuzageuza mkononi kwa muda mrefu. Iliniuma sana kumwona.

Sisemi kwamba aliye nyuma hana makosa. Mara nyingi anayo. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari hula mita 22 kila sekunde, na mtu huhitaji sekunde moja au zaidi kabla mguu wake haujafika kwenye breki. Anayembana mwenzake Thika Road hadi anasoma maandishi madogo ya kwenye buti hana pa kujitetea. Nafasi ya sekunde mbili ndiyo ya chini kabisa, na mvua ikinyesha inafaa iwe mara mbili ya hiyo. Ndiyo maana mahakama huanza kwa kumtazama aliye nyuma.

Lakini haziishii hapo. Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 26, kifungu cha 4, inaruhusu lawama igawanywe kulingana na uzembe wa kila upande, na majaji wetu wameigawa hivyo katika kesi nyingi za ajali. Gari lililoharibika na kuachwa gizani bila laifuseva, ile pembetatu ya kuonya, gari lisilo na taa, gari lililosimamishwa ghafla katikati ya barabara bila sababu, yote hayo yana fungu lake. Matatu inayokuchomekea pale Roysambu kisha ikasimama papo hapo kubeba abiria imekunyang'anya zile sekunde mbili ulizokuwa umejiachia. Na mtu asiogope kwamba kesi ni ya matajiri. Madai yasiyozidi shilingi milioni moja yanaweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo kisheria inatakiwa kuamua kwa siku 60, na huko unaweza kujisemea mwenyewe bila wakili.

Shida ni kwamba tukifika huko tumeshautupa ushahidi. Vioo hufagiliwa kando ya barabara, balbu hurushwa kwenye pipa la gereji, taa mpya zikafungwa. Ndugu madereva, msitie sahihi karatasi yoyote ya kukubali kosa mkiwa bado mnatetemeka. Pigeni picha za nyuma ya gari la mbele, mwombeni dereva wake akanyage breki mkiwa na mashahidi, nendeni kituo cha polisi mpewe nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, na balbu zilizotolewa ziwekwe kwenye bahasha, kila moja iandikwe ilitoka upande gani. Magari mapya yenye taa za LED hayana waya wa kuvutika, kwa hiyo hapo picha na kamera ya kwenye dashibodi ndizo za kutegemewa.

Kwa wakuu wa trafiki nina ombi moja. Ajali kubwa hufanyiwa ukaguzi wa magari, lakini hizi ndogo, ambazo ndizo zinazowafilisi watu wa kipato kidogo, huamuliwa kwa mdomo. Afisa anayefika aagizwe kuandika katika ripoti yake, kabla ya jambo jingine lolote, kama taa za breki za gari la mbele zilikuwa zikifanya kazi. Na kwenye vizuizi, baada ya kuangalia leseni na kibandiko cha bima, mmoja asimame nyuma ya gari na kumwambia dereva akanyage. Ni kazi ya sekunde chache. Dereva akiwa ndani hawezi kuziona taa zake za nyuma, na wengi wanaokuja kwangu hawajui kwamba zilizima miezi iliyopita.

Afisa yeyote anayetaka kuonyeshwa jinsi balbu inavyosomwa, aje Kirinyaga Road siku ya kazi. Nitamwonyesha bila malipo, na balbu za mfano ninazo.

Fundi wa umeme wa magari,
Grogan, Nairobi