Sauti ya mtunzi mwenyewe isitupwe

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Hapa Tabora nasikia watu wakisema zilipendwa zirekodiwe upya kwa mitambo ya kisasa, na zile kanda zenye mikwaruzo zimekwisha kazi yake. Kurekodi upya sipingi. Kuitupa ya kwanza ndiko ninakokataa.

Hata wenye muziki ulioandikwa kwa noti hawafanyi hivyo. Mwaka 1932 Edward Elgar, mtunzi wa Uingereza, aliongoza mwenyewe kurekodiwa kwa konseto yake ya fidla (muziki ambamo fidla moja hutangulia na okestra kuisindikiza), mpigaji akiwa Yehudi Menuhin, kijana wa miaka 16. Noti zake zinauzwa mpaka leo, lakini rekodi za mzee yule ndizo zinazokuonyesha kwamba muziki wake aliupeleka mbio kuliko wengi waliokuja baadaye, na wapiga fidla wake wakiteleza kutoka sauti moja hadi nyingine kwa namna ambayo karatasi haisemi. Rachmaninoff naye, mtunzi na mpiga piano wa Urusi, aliporekodi konseto yake ya pili ya piano mwaka 1929 akiipiga mwenyewe, hakuivutavuta kama wanavyoivuta wengi leo.

Sasa sisi ambao bendi zetu zilipiga kwa sikio? "Dada Asha" ya Shem Karenga na Tabora Jazz, au kazi za Salum Zahoro na Kiko Kids, utazitafuta kwenye noti zipi? Juzi harusini nilisikia zilipendwa zikipigwa kwa kinanda. Ngoma ya mashine, besi ya mashine, na pale ambapo gitaa la solo lilikuwa linamjibu mwimbaji akivuta pumzi, kimya. Watu walicheza, sikatai. Ila kijana anayejifunza solo hapo ataokota nini?

Najua mtunzi si lazima awe ndiye mwimbaji bora wa wimbo wake, na studio za enzi zile zilikuwa na mipaka yake. Hilo halipunguzi haja ya kumsikia.

Kanda nyingi zilirekodiwa Radio Tanzania, Dar es Salaam. Ombi langu: nakala ziletwe maktaba ya mkoa, tuweze kuzisikiliza hapa hapa. Wenye santuri majumbani nao wakubali zinakiliwe. Na wapigaji waliobaki waitwe sasa hivi, wakae wasikilize, watutajie nani alishika solo, nani ridhimu, nani besi, kwa maana lebo nyingi zinataja bendi tu.

Msomaji wenu,
Cheyo, Tabora