Kwa Wanakwaya Wetu, Kuhusu Dada Yenu wa Benchi la Nyuma

Wanangu wa kwaya,

Bwana asifiwe. Jumapili iliyopita goti lilinisumbua, nikaketi nyuma kabisa, karibu na mlango. Hapo ndipo nilipomwona dada yenu mliyemtoa kwenye sauti ya pili kwa kura, kwa kuwa amepata mimba kabla ya ndoa. Benchi zima alikuwa peke yake. Mliposimama kuimba, midomo yake ilifuata kila neno bila kutoa sauti, na mkono mmoja umeshika leso aliyojitanda tumboni. Sikuweza kusali tena siku hiyo.

Nimemwomba ruhusa kuandika haya, naye amekubali. Barua nimeiacha wazi kwa makusudi, ili wazee wenzangu nao waisome.

Siwaambii kwamba dhambi si dhambi. Nimekuwa mzee wa kanisa miaka mingi na najua nidhamu ina mahali pake. Ninalouliza ni hili: usiku ule mlipokuwa mkiandikiana kwenye WhatsApp mpaka saa sita, ni nani kati yenu aliyejihoji kwanza?

Mnajua nimekula jasho langu Gikomba, Nairobi, kwenye mbao. Ukipiga randa saiprasi kavu, maranda yanaruka, na mara kwa mara kibanzi humwingia fundi jichoni. Nimewatoa wengi. Kwanza unanawa mikono. Unamgeuza mwenzako aelekee kwenye mwanga, unamwambia atazame juu, unashika kope kwa ncha za vidole, kisha kwa pembe ya kitambaa safi kilicholowa unakigusa kile kibanzi kidogo kidogo. Unakaribia mpaka mnapumuliana. Mkono ukitetemeka, unamjeruhi. Na kama macho yako mwenyewe yamejaa vumbi, mpishe mwingine afanye kazi hiyo. Ndiyo maana kila nisomapo Mathayo sura ya 7, pale Yesu anapomwambia mtu atoe kwanza boriti iliyo jichoni mwake kabla ya kutoa kibanzi jichoni mwa ndugu yake, nakumbuka kwamba Bwana wetu aliitwa seremala. Nadhani mfano huu aliuchukua kazini.

Boriti je? Ndugu zetu wa Pwani wanaijua vizuri, ule mti wa mkoko unaolazwa juu ya kuta ubebe dari. Na neno la Kigiriki lililoko kwenye Injili hiyo ni la mti mkubwa wa kubeba paa. Hapo ndipo ugumu ulipo, wanangu. Boriti ndiyo inayoshikilia nyumba, na ukiigusa unaogopa kila kitu kitakuangukia.

Yangu ilikuwa heshima ya kuitwa mzee. Miaka ya 1980 niliketi kwenye kamati iliyomtenga kijana mmoja na Meza ya Bwana kwa sababu ya ulevi, na sauti iliyosikika kuliko zote ilikuwa yangu. Siku hizo hizo kulikuwa na kijana wa kazi pale karakanani aliyenidai mshahara wa miezi miwili. Kila Jumamosi nilimwambia kwamba mteja hajalipa. Mteja alikuwa amelipa. Hakuna aliyenishuku, kwa kuwa nilivaa suti na kupitisha kikapu cha sadaka. Kisha Jumapili moja nikapewa somo, likawa Yakobo sura ya 5. Nilipofika pale paliposema ujira uliozuiwa kwa hila unapiga kelele, nikakwama. Washirika walidhani nimepotewa na mstari. Jumatatu asubuhi nilimlipa yule kijana na kumwomba msamaha mbele ya mafundi wenzake. Yule tuliyemtenga nilimtafuta Shauri Moyo, nikamtafuta Kaloleni, hadi nikaambiwa amerudi mashambani kwao. Sijamwona tena.

Msidhani basi kwamba mtu anayehukumu ni lazima awe mwongo. Yule Farisayo wa Luka 18 hakudanganya: alifunga mara mbili kwa juma na kutoa zaka kweli. Lakini sala yake ilihitaji mtoza ushuru wa kumsimamisha kando ndipo yeye aonekane msafi. Naogopa ndivyo tulivyomtumia huyu binti.

Na tena, mtoto hapatikani kwa mtu mmoja. Baba yake wengine wenu mnamjua. Kama yumo kwenye besi Jumapili hii, sisemi naye afukuzwe. Nasema hamkumtaja hata mara moja, na jambo hilo lilinihuzunisha kuliko kura yenyewe.

Wazazi wetu katika uamsho ule uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukafika hadi kwetu Kenya, walikuwa na desturi ya kuungama mbele ya wenzao. Waliiita kutembea nuruni. Mtu alisimama akataja lake yeye: deni, uongo, chuki kwa jirani. Nao walikuwa binadamu, na wengine baadaye waligeuza ungamo kuwa fimbo ya kuwachapia wasioungama. Lakini mwenye kuanza na lake, mkono wake hulegea. Yesu hakusema kibanzi kiachwe jichoni. Alisema itoe kwanza boriti, "ndipo utakapoona vema."

Jumamosi mazoezi yanaanza saa nane. Mchungaji ameniruhusu nije. Sitahubiri. Nitasema langu, na liko jipya, si lile la mshahara tu. Kisha tutanyamaza, na anayetaka aseme lake kwa Mungu kimoyomoyo. Baadaye nitapanda matatu kwenda Kayole anakokaa na mama yake. Nikipata wawili au watatu wa kunisindikiza nitashukuru. Msibebe maonyo. Bebeni sukari na unga, mketi, mumwachie yeye azungumze, na akinyamaza, nyamazeni naye. Akitaka kuimba, mpeni sauti yake ya pili.

Nauli nitalipa mimi.

Mzee wenu