Ukifungasa mashua, punguza moto

Mhariri,

Malelezi yanapoingia, kati ya kaskazi na kusi, upepo hukata ghafla na vyombo vya tanga hushikwa na shuwari katikati ya mkondo. Pengine foromali, mti unaoshika tanga, imevunjika, na maji yanakichukua chombo kusikotakiwa. Anayetokea kusaidia aghalabu ni mtu asiyemjua yeyote humo ndani: mvuvi mwenye mashine, au boti ya faiba inayorudi kutembeza wageni. Anasimama, anarusha kamba, haulizi mtu ni wa wapi. Wema huo tunaushukuru kwa dhati. Lakini mashua iliyosalimika na upepo inaweza kupasuka kwa kufungaswa, yaani kuvutwa kwa kamba, vibaya, na hilo ndilo ninaloliandikia.

Boti ya faiba ikikimbia hupanda juu ya maji. Mashua ya mbao haipandi, inalima. Mashua yenye urefu wa mita 7 pale inapogusa maji hufika ukomo wake kwenye maili 6 za bahari kwa saa, kama kilomita 11 hivi. Ukiilazimisha zaidi, tezi, yaani nyuma yake, inadidimia, mbao zinaachana, na pamba ya kalafati inayoziba nafasi za mbao inaanza kutoka. Vuta kwa maili 3 au 4, basi. Ngalawa ivutwe taratibu zaidi, kwani mrengu, ubao wa pembeni unaoisawazisha, ukichimba maji, matengo, yaani boriti zinazoushika, huvunjika.

Kabla ya kukaribia, tazama tanga na kamba zilizoelea ziko upande gani, maana zikiingia kwenye panga la mashine mtakuwa wawili wa kuokolewa. Njoo ukiukabili upepo, na uulize kwanza: “Salama huko, nahodha? Mnataka kamba au maji?” Anayengoja upepo tu atakwambia, na neno lake liheshimiwe. Aliye taabuni hunyoosha mikono yote miwili pembeni, akaipandisha na kuishusha polepole. Hiyo ni ishara ya hatari inayotambuliwa bahari zote, si salamu. Tafadhali wafundisheni vijana wenu wa boti.

Kamba isipungue mita 30, ya nailoni inayonyumbuka. Kwenye mashua isifungwe kwenye pete ya omo, yaani mbele, wala juu ya mlingoti. Ifungwe kwenye shina la mlingoti, chini kabisa, kisha ipite juu ya omo na kubanwa hapo kwa kipande kingine cha kamba, isije ikateleza ubavuni. Kamba ikivuta kwa ubavu, mashua inapinduka. Panaposuguana na mbao pafungwe gunia. Tanga na foromali vishushwe, watu na mizigo wasogee nyuma kidogo ili omo inyanyuke, na nahodha aendelee kushika usukani. Mtu mmoja akae na panga, tayari kukata. Mawimbi yakiwa makubwa, rekebisha urefu wa kamba ili vyombo vyote viwili vipande wimbi kwa pamoja. Kimoja kikipanda na kingine kikishuka, kamba hukaza kwa kishindo na hapo ndipo vitu hung'oka.

Wanaohitaji maji ya kunywa tu si lazima uwasogelee ubavuni na kugonganisha vyombo. Jaza dumu la lita 20, acha nafasi ndogo ya hewa, funga kifuniko vizuri, lifunge kamba na uliachie. Maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, kwa hiyo dumu litaelea mpaka wao.

Chombo kikipwelewa kwenye mwamba maji yakiwa yanatoka, tafadhali msikivute. Mkuku, mti wa chini kabisa wa chombo, utabaki pale pale. Kiwekeeni magadi, miti ya kukiegemeza, pande zote mbili, pelekeni nanga kwenye kina, mngoje maji yajae, kama saa 6 tangu yalipokupwa kabisa. Lakini kikipanda mwamba kwenye kilele cha bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, pakueni mzigo bila kuchelewa: kila maji kujaa kunakofuata kutakuwa kudogo zaidi, na bamvua nyingine iko siku 14 mbele.

Kuhusu malipo, mkataba wa kimataifa wa uokozi wa mwaka 1989 unasema aliyeokolewa roho hadaiwi kitu. Mali ni jambo jingine, na petroli iliyochomwa ni haki kurudishwa. Ila hesabu hiyo ifanyike pwani, watu wakiwa wamekauka, isifanyike kwa kupaaziana sauti huku maji yanatolewa chomboni kwa ndoo.

Kwa wenye boti za wageni ombi ni dogo: kamba ya mita 40, magunia mawili na panga moja viwe chini ya kiti cha nyuma, vikae humo kila safari, na kamba ioshwe kwa maji matamu kila wiki ili chumvi isiikaushe.

Fundi wa vyombo vya tanga,
Nungwi, Unguja